Kumtembelea Mzee Asiyekukumbuka

Kila wanapotafutwa watu wa kujitolea kuwatembelea wazee wenye demensia, yaani kudhoofika kwa ubongo kunakomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kidogo kidogo, kuna swali linalotangulia mengine yote: nikienda, si atasahau kwamba nilikuja? Huliuliza vijana wanaotaka kujiandikisha, huliuliza watoto wa mzee mwenyewe, na wakati mwingine hata wauguzi. Ni swali la haki. Mtu ana nafasi kidogo katika wiki yake na angependa kuitumia mahali itakapobakiza kitu. Lakini ndani ya swali hilo kuna imani kwamba ziara ina maana pale tu inapokumbukwa. Kwa maoni yangu, imani hiyo imewaacha wazee wengi peke yao kuliko uhaba wa watu wenye moyo wa kusaidia.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani waliwaonyesha watu 17 wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayowapata watu wengi zaidi, vipande vya filamu za kuhuzunisha, na kwa wakati mwingine za kufurahisha, kila mara kwa takriban dakika 20. Watu wengine 17 wasio na ugonjwa walionyeshwa vilevile ili kulinganisha. Baada ya muda mfupi wagonjwa walikumbuka kidogo sana kuhusu walichotazama. Hata hivyo, walipoulizwa wanajisikiaje, huzuni ilikuwa bado imo ndani yao, na furaha pia, ingawa huzuni ndiyo iliyokawia zaidi kuondoka. Na kuna jambo jingine ambalo kila anayekaa na wagonjwa hawa angepaswa kulijua: kadiri mgonjwa alivyokumbuka kidogo, ndivyo huzuni yake ilivyodumu zaidi.

Ukilitafakari, lina mantiki yake. Anayejua kilichomhuzunisha anaweza kujituliza: ilikuwa filamu tu, imekwisha. Asiyejua sababu hana pa kuanzia. Anabaki na uzito kifuani usio na jina.

Kwa hiyo jibu la lile swali ni kwamba ndiyo, huenda akasahau ulikuja. Sura yako itafutika, na huenda hata jina lako halikuwahi kukaa kichwani mwake. Alichokipata kutoka kwako hakifutiki kwa kasi hiyo. Na hili linakata pande zote mbili, maana ubaya nao unabaki. Mgeni mwenye haraka, au mwenye tabia ya kumsahihisha mzee kila anapokosea, huacha nyuma yake mtu aliyefadhaika bila mtu yeyote kujua kafadhaishwa na nini.

Hili huonekana wazi kabisa pale mzee anapomuulizia marehemu. Mchukulie fundi umeme mstaafu ambaye kila baada ya dakika chache huuliza mkewe yuko wapi, na mkewe alishafariki miaka mingi. Mgeni asiyefundishwa humwambia ukweli kwa nia njema: "Mzee, mama alishafariki." Uso unamshuka palepale. Kwake huo ni msiba wa leo, na anaulizia maziko. Robo saa baadaye hakumbuki alichoambiwa, ila mikono inatetemeka, chakula hakitaki, na jioni anamfokea muuguzi anayetaka kumbadilisha nguo. Kwenye daftari la zamu kunaandikwa kwamba mgonjwa alikuwa mkali. Habari ya ile ziara ya mchana haiandikwi popote.

Aliyefundishwa angesema, "Naona leo umemkumbuka sana. Mlikutana wapi?" Hapo mzee hajadanganywa, wala hajafiwa upya. Anapewa nafasi ya kumzungumzia mtu anayemtamani, na mara nyingi hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Najua wapo wanaoona kwamba kukwepa hivi ni uongo uliopambwa. Ninauheshimu wasiwasi huo, na nakubali kwamba mzee akikutazama machoni akauliza waziwazi, "Amekufa, sivyo?", anastahili jibu la kweli, kwa upole, na umshike mkono ukae naye mpaka wimbi lipite. Lakini wengi wanaouliza "yuko wapi" hawaulizii habari. Wanasema wamepungukiwa na mtu wao.

Upweke huu unatoka wapi hasa? Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba kila mwaka wagonjwa wapya ni karibu milioni 10. Si wote waliotengwa, wala si kila anayeishi peke yake ni mpweke. Ila ugonjwa huu una namna yake ya kumvua mtu watu wake mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi kazi hiyo huanza kabla daktari hajasema neno. Mzee anaanza kupotea katikati ya hadithi, anaona aibu, anapunguza kwenda kwenye mikusanyiko. Rafiki anaulizwa jambo lilelile mara nne kwa ziara moja, anashindwa ajibu nini, na safari nyingine anaahirisha. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini walizoea dhiki zenye mwisho. Hii inakwenda kwa miaka, na marafiki wazuri kabisa hukatikia njiani bila ugomvi wowote. Zipo pia jamii ambako bibi anayezurura usiku akizungumza peke yake huitwa mchawi. Hapo kutengwa si uchovu wa marafiki tena, ni hatari kwa uhai wake.

Mwingine yuko ndani ya makao ya wazee, kazungukwa na watu mchana kutwa, lakini anayemgusa humgusa kwa kazi: kumwogesha, kumpa dawa, kumgeuza kitandani. Mwingine anaishi na mwenzi wake wa ndoa, na kwa nje familia hiyo huonekana imetosheka. Ukiingia ndani unakuta wagonjwa ni wawili. Mke hajatoka nje peke yake kwa muda mrefu kwa sababu mume akimkosa anaanza kumtafuta barabarani. Mgeni wa kujitolea akija hapo, anayepumua kwanza ni huyo mke, na sioni ubaya wowote mtu akisema ziara ile ilikuwa kwa ajili yake.

Sasa, mgeni huyo anafanya nini akishaketi? Wengi huanza kwa kupima kumbukumbu bila kujua kwamba wanapima. "Unanikumbuka? Wiki iliyopita tulizungumza nini? Huyu kwenye picha ni nani?" Kila swali la namna hiyo ni mtihani, na mzee anajua anafeli. Ni bora kueleza kuliko kuuliza: "Mimi ndiye mgeni wako wa siku hii, tulikaa hapahapa dirishani." Kumbukumbu za ujana na za utu uzima wa mapema ndizo hukawia kuondoka, na mikono nayo ina kumbukumbu zake. Nimemtazama mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani, ambaye sentensi zilikuwa zimeshamwisha. Kazi ya maneno ilimchosha mpaka akafumba macho. Kijana aliyekuwa akimtembelea akamwekea mapajani shati la zamani. Mama akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba kwenye upindo wote kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama pale uzi ulipokuwa umelegea, akaurudia, kisha akamtazama kijana kwa jicho la fundi anayemwonyesha mwanafunzi kosa. Kijana akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema kitu, na kwa muda mrefu wawili hao walikuwa kazini.

Kuna mambo madogo ambayo yasipozingatiwa yote hayo hayawezekani. Keti mbele yake, macho yenu yalingane, usimsemeshe ukiwa nyuma ya kiti. Hakikisha miwani iko usoni na kifaa cha kusikilizia kimewashwa. Utashangaa ni mara ngapi mzee anayedaiwa "leo hayupo kabisa" kumbe hasikii tu. Zima televisheni. Sema jambo moja, kisha subiri, na subira hiyo iwe ndefu kuliko unavyoona inafaa, kwa maana jibu linakuja, ila linakuja kwa mguu. Epuka saa za jioni, ambazo wengi huingiwa na wasiwasi na kutaka "kurudi nyumbani" hata kama wapo nyumbani. Na muite kwa jina la heshima alilolizoea maisha yake yote. Aliyekuwa Mwalimu ni Mwalimu mpaka leo, hata kama unamfunga vifungo vya shati. Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia wa Uingereza Tom Kitwood alisisitiza kwamba sehemu ya kudhoofika kwa wagonjwa hawa haitoki kwenye ubongo pekee, inatoka pia kwa walio karibu nao, wanaowazungumzia juu ya vichwa vyao, kuwaharakisha na kuwafanya watoto. Ukikaa nusu siku katika ukumbi wa makao ya wazee utaona alichokuwa akikisema.

Nadhani tunasahau pia kwamba elimu ya ugonjwa wa Alzheimer ilianza kwa mtu kuketi na mgonjwa. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt nchini Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimuuliza maswali mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter na kuyaandika majibu yake neno kwa neno. Katika kumbukumbu za mazungumzo yao kuna kauli yake moja: nimejipoteza. Ubongo wake ulichunguzwa kwa hadubini baada ya kufariki mwaka 1906, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Hapa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo linahusu namna programu za kujitolea zinavyoendeshwa. Nyingi hujipima kwa hesabu ya watu: wangapi wamejiandikisha, wangapi wamepewa cheti, wangapi walifika siku ya maadhimisho. Japani ilianza mwaka 2005 kuwafundisha raia wa kawaida, kwa kipindi cha dakika 90 hivi, jinsi ya kumtambua na kumsaidia mtu mwenye demensia, na waliopata mafunzo hayo sasa wamepita milioni 10. Ninalipenda jambo hilo. Mwenye duka, dereva wa basi na karani wa benki wakijua la kufanya mzee anapochanganyikiwa mbele yao, mtaa mzima unakuwa salama zaidi. Ila huko ni kuelimisha umma. Kuwa mwenzi wa mtu ni kazi nyingine, na kuihesabu kwa vichwa ni kuipima kwa kipimo kisicho chake.

Mzee mwenye demensia anahitaji mtu yuleyule, siku ileile, saa ileile, kwa muda mrefu. Hata pasipo kulijua jina lako, mwili wake unaanza kukuzoea: sauti, harufu, namna unavyobisha hodi. Mabega yanashuka ukiingia. Wakiletwa watu kumi tofauti katika wiki kumi, kila mmoja ni mgeni wa kwanza, na kila ziara inaanza kwa hofu. Kikundi cha watu thelathini wenye fulana za rangi moja wanaoingia ukumbini kwa saa mbili, wakaimba na kupiga makofi na kuondoka, kinaweza kuwaacha baadhi ya wazee wamechoka na kutaharuki kuliko kilivyowakuta. Ningemchagua mmoja anayerudi kuliko hao thelathini.

Kurudi kuna faida nyingine ambayo ni ya kitabibu kabisa. Demensia kwa kawaida huenda polepole. Mzee akibadilika ndani ya siku moja au mbili, akaanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo au kusinzia kupita kiasi, mara nyingi kuna jambo jipya mwilini: maambukizi ya njia ya mkojo, kupungukiwa maji, au dawa mpya isiyopatana naye. Hilo ni la kutibiwa haraka. Lakini nani atasema "huyu leo siye"? Mhudumu wa zamu aliyeanza kazi juzi hawezi, anadhani ndivyo mzee alivyo. Anayeweza ni aliyekaa naye wiki zilizopita. Kwa mzee anayeishi peke yake, huenda hakuna mwingine.

Wenye kutaka ushahidi wanao. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha makao 69 ya wazee nchini Uingereza na wakazi zaidi ya 800 wenye demensia. Watumishi walifundishwa kumhudumia kila mkazi kwa kuijua historia yake na mapenzi yake, kupunguza dawa za kutuliza zisizo za lazima, na kuongeza muda wa kuzungumza na kushirikiana naye kwa lengo la takriban saa moja kwa wiki. Maisha ya wakazi yalikuwa bora kuliko ya wale wa makao ya kawaida, kutotulia kulipungua, na gharama hazikupanda, zilishuka. Haya hayaponyi ugonjwa, na yeyote anayeahidi kwamba mazungumzo yatarudisha kumbukumbu anawadhulumu wagonjwa. Lakini kumpunguzia mtu dhiki katika miaka aliyobakiza ni tiba inayostahili jina hilo.

Kwa hiyo programu ichukue watu wachache, iwafundishe kwa kina, na iwaulize mwanzoni kabisa kama wanaweza kuahidi mwaka. Asiyeweza apewe kazi nyingine, na zipo nyingi. Isione haya kukataa watu.

Ikatae pia kwa sababu za usalama. WHO inasema karibu mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi alitendewa ukatili wa aina fulani katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Mzee mpweke asiyeweza kusimulia kilichotokea jana ni windo rahisi, na mwenye nia mbaya analijua hilo kabla yetu. Historia ya mwombaji ichunguzwe. Asishike fedha za mzee, asitie saini wala kushuhudia hati yoyote, asipokee zawadi ya thamani, na familia au mratibu aweze kuingia wakati wowote bila taarifa. Na picha zisipigwe. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu limekuwa jambo la kawaida: kijana anatabasamu, mzee kando yake anatazama pembeni na shati limemkaa upande, na picha imekwisha kuwafikia maelfu. Huyo mzee, akiwa na akili zake zote, angekubali aonekane hivyo? Kama huwezi kujibu kwa uhakika, simu ikae mfukoni.

Lipo pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito: kwamba kusifia kujitolea kunazipa serikali kisingizio cha kutofanya kitu. Mwaka 2019 demensia iliigharimu dunia dola trilioni 1.3 za Marekani, na karibu nusu ya gharama hiyo ni kazi ya ndugu na marafiki wanaotunza bila malipo, kwa wastani wa saa tano kwa siku. Asilimia 70 ya saa za utunzaji hutolewa na wanawake. Jamii iliyokwisha kuchukua kazi hii yote bure haina haki ya kuomba nyongeza ya bure ili kuziba nafasi za wauguzi. Mtu wa kujitolea haogeshi, hatoi dawa, halindi usiku. Siku makao yanapoanza kumpangia zamu, yanamtumia kama kibarua asiyelipwa na kumnyima mzee kile pekee ambacho mgeni huyo alikuja nacho, yaani muda usio na kazi ndani yake. Mratibu, mafunzo, nauli na bima vigharamiwe na bajeti, maana hata kujitolea kuna gharama zake.

Na anayejitolea naye atazamwe. Anampenda mtu anayempungukia kidogo kidogo mbele ya macho yake. Kuna siku atatukanwa, kuna siku ataitwa kwa jina la marehemu, na kuna siku hatapata hata kutazamwa. Awe na mtu wa kuzungumza naye baada ya siku kama hizo. Anapolazimika kuacha, kwa kuhama au kwa kuugua, asipotee tu: aje mara kadhaa na atakayechukua nafasi yake, wakae watatu, mpaka mzee azoee sauti mpya.

Zaidi ya yote, aambiwe mzee anapofariki. Hutokea mara nyingi kwamba mgeni anafika siku yake ya kawaida, anakuta kitanda kimetandikwa upya, na anapata habari za kifo kwa mfanya usafi kwenye korido. Familia haikujua kama yupo, makao hayakuwa na namba yake, na maziko yalishapita. Kila programu iandike, tangu siku ya kwanza, jina la mtumishi atakayempigia simu siku hiyohiyo, na familia iombwe mapema idhini ya kumjulisha kuhusu mazishi.